Nimekodi mashine kuukuu ya kuvuna mahindi, nyota tatu

Mimi nakaa Kisauni ila shamba liko Kwale, ekari nne, na kila Agosti ni kusumbuana na vibarua tu. Sasa kuna jamaa alishusha bandarini mashine ya mtumba kutoka Marekani, ile ya kizamani ya laini moja, inavutwa na trekta, haipukuchui, inavunja hindi zima, inalimenya maganda halafu inalirusha kwa trela nyuma. Nikaikodi siku mbili.

Ikishika kasi raha wallahi. Trekta ya Massey 135 inaivuta bila matata, rola mbili zinabana bua zinalivuta chini, hindi haliwezi kupita hapo linakatika, linapanda na cheni mpaka kwa rola za maganda basi. Hamna kompyuta wala sensa, ni cheni, gia na grisi. Beringi ilikufa saa nne asubuhi, nikapitia Dongo Kundu nikaipata Changamwe, saa nane tushaanza tena.

Shida ni shamba letu lenyewe, maana sisi twachanganya na kunde, zile kamba za kunde zikajisokota kwa rola kila baada ya hatua chache, na mabua yaliyolazwa na kusi mashine yayapita juu hivi hivi, nyuma ikabidi watu waokote. Halafu laini za mwanzo uvune kwa mkono, la sivyo trekta lazikanyaga.

Na jamani mikono!! Kijana mmoja alitaka kuchomoa bua rola zinazunguka, nikampigia ukelele. Zile zavuta bua kabla hujawahi kuliachia, huko Marekani wakulima wengi wamekatika vidole na mikono kwa njia hiyo hiyo. Zima PTO, ule mhimili wa trekta unaozungusha mashine, zima na injini, ndio usogee.

Lakini kilichonishinda hasa ni nyanya yangu. Kaja kaangalia trela, meupe yote, akauliza, "Mjukuu wangu, umeyavua nguo haya, yatalala na nini?" Yeye huyaweka uchagani juu ya moto wa jikoni na maganda yake, moshi wayapiga, dumuzi, yule mdudu mtoboa mahindi, ashindwa. Haya yangu uchi dumuzi si ameandaliwa karamu. Isitoshe mashine hii yataka mahindi yenye unyevu kidogo, yakikauka sana punje zapukutika kwenye rola zabaki chini, wakati kuyaweka ghalani unataka unyevu ushuke hadi asilimia 13.5. Wenyewe huko Marekani enzi za mashine hizi waliyatia kwa vibanda vyembamba vya wavu upepo upite, mimi na joto hili la pwani nilianika kwa turubai wiki mbili, kila wingu likitokea mbio kufunika.

Msimu huu ekari mbili za bondeni nimepanda mahindi matupu, laini zimenyooka, hizo ni za mashine. Za juu kwa mkono na kunde zake, nyanya ashafagia uchaga.