Mazoezi ya Swimathon kwenye bwawa la mtaani kwetu: uzoefu wangu

Nyota nne. Nawaandikia hasa Waswahili wenzangu mlioko Uingereza, mnaotaka kuingia Swimathon na mnajiuliza kama bwawa la manispaa linatosha kwa mazoezi. Linatosha, ila chagueni saa.

Kwa asiyeijua, Swimathon ni uogeleaji wa kuchangisha fedha, ulioanza mwaka 1986, na hufanyika kwenye mabwawa ya kawaida ya mitaani. Kila mtu huchagua umbali anaouweza. Mimi nilijiandikisha kilomita 2.5, yaani kuvuka bwawa la mita 25 mara 100. Wenye pumzi zao huenda kilomita 5. Michango yangu ilikwenda kwa mashirika mawili ya hisani: Marie Curie, wanaohudumia wagonjwa walio karibu na mwisho wa maisha, na Cancer Research UK, wa utafiti wa saratani. Hao Marie Curie ndio waliokuwa wakija kumhudumia jirani yangu nyumbani kwake hadi alipofariki, kwa hiyo sikuhitaji kubembelezwa.

Bwawa ni la kawaida tu, maji safi, vuguvugu. Mimi ni wa Mombasa, na watu hapa hudhani kila mtu wa pwani anajua kuogelea masafa. Wapi! Maji ya chumvi yanakubeba, ya bwawa hayana ukarimu huo. Miguu ilinizama, na kadiri inavyozama ndivyo unavyochoka bure. Kocha wa zamu ya asubuhi alinitazama kidogo tu akaniambia nitoe pumzi yote uso ukiwa bado majini, nikigeuza kichwa iwe ni kuvuta tu. Akanipa na boya la kubana mapajani ili nijue mwili ukilala sawa unakuwaje. Huduma hiyo haimo kwenye bei, na kwangu ndiyo iliyoleta tofauti.

Leni, yaani njia za kuogelea zilizotengwa kwa kamba, ni tatu: ya polepole, ya kati na ya kasi, na kila moja ina kibao cha mshale kuonyesha mnazunguka upande gani. Saa kumi na mbili unusu asubuhi ni raha tupu. Wanaokuja saa hizo wana adabu: akitaka kukupita anakugusa unyayo, nawe unampisha ukutani. Jioni msithubutu. Leni ya kati hujaa waogeleaji wa mtindo wa chura, na teke la mbavuni utalipata tu.

Kina dada, kuna kipindi cha wanawake pekee: mapazia yanashushwa, na waokoaji ni wanawake. Kizuri sana kwa anayejifunza, lakini kamba za leni huondolewa na soga ni nyingi, kwa hiyo masafa hayafanyiki. Nikarudi asubuhi na burkini yangu, vazi la kuogelea linalositiri mwili, wala hakuna aliyeniuliza neno. Ila nunueni inayobana. Ile pana hujaa maji kifuani na kukuvuta nyuma, na kama haina vitanzi vya kufungia blauzi kwenye suruali, kila ukijisukuma ukutani inakupanda hadi kwapani.

Kuhesabu nilihesabu kwa makumi. Kumi moja ni mita 250, nashika ukuta, funda la maji, naendelea. Kunywa ni lazima, maana jasho majini hulioni. Siku niliyopuuza chupa, kigimbi kilikaza katikati ya bwawa na mwokoaji akasimama kunitazama.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya programu yao ya simu. Inaonyesha leni zote ziko wazi, ukifika unakuta mbili zimechukuliwa na masomo ya watoto wa shule, na nafasi uliyolipia hairudishwi. Nimelalamika mapokezi, nikajibiwa kwa tabasamu. Pigeni simu kabla ya kutoka nyumbani, hasa mihula ya shule ikianza.