Duka la kaniki nyuma ya Soko Kuu Arusha: nyota nne, na kwanini sio tano

Wale mnaoniulizaga vitambaa vya kufundishia nanunua wapi, haya ndo majibu. Ni kaduka kadogo mtaa wa nyuma ya Soko Kuu hapa Arusha, hakana kibao cha maana, we ulizia yule mzee wa Kondoa anayeuza kaniki utapelekwa hadi mlangoni. Ana kaniki, marekani, kanga, shuka za kimasai, vitenge, na kona moja kaweka majora ya pamba ya India yenye maua ya mhuri, yaani yaliyogongwa kwa kibao cha kuchonga kilichochovywa rangi. Feni inapiga kelele na mwanga ni hafifu. Ila kama unataka kukijua kitambaa na sio kukivaa tu, sijaona pengine pa hivi hapa mjini.

Mi kazi yangu ni akiolojia upande wa biashara ya baharini, na kabla hujauliza, hapana, sichimbi dhahabu wala mifupa ya dinosaria. Nafuatilia nguo zilizokuwa zinazunguka Bahari ya Hindi enzi za majahazi. Shida ni kwamba huku kwetu nguo haikai ardhini, pwani ina joto na unyevu, pamba inaoza inaisha, sa ukichimba Kilwa unakuta vigae vya vyungu vimechongwa duara vikatobolewa katikati, vya kusokotea uzi, uzi wenyewe ndo huuoni. Ushahidi mwingi umekaa Misri kwa sababu ya ukavu. Huko Fustat, Cairo ya kale, na kwenye bandari ya Quseir al-Qadim vimetoka vipande vya pamba ya India, vingi vinahusishwa na Gujarat, magharibi mwa India, vimepigwa mhuri na kutiwa nili, ile rangi ya bluu ya mmea. Makumbusho ya Ashmolean kule Oxford wana zaidi ya vipande 1,200 alivyokusanya Percy Newberry, Mwingereza mtaalamu wa Misri ya kale, na aliyevikalia mpaka vikaeleweka ni mama mmoja anaitwa Ruth Barnes, katalogi yake ikatoka 1997, baadae akahamia makumbusho ya Chuo Kikuu cha Yale. Huyu mama nampenda kwa kitu kimoja, hakuanzia kwenye makabati ya makumbusho, alianzia Lamalera, Indonesia, kijiji cha wavuvi wa nyangumi, akasoma kwanza kwa wanawake wanaofuma wenyewe. Alafu ndo akaja kwenye matambara. Vipimo vya kaboni vikaonyesha baadhi yana umri wa miaka elfu moja hivi, na maua yanayofanana na ya Fustat yamekutwa kwa Watoraja, watu wa kisiwa cha Sulawesi hukohuko Indonesia, wameyatunza vizazi na vizazi kama nguo za heshima. Bahari ileile, sisi tumebaki na vigae.

Kwaiyo ukiwa huku na unataka kumfundisha mtu hii kazi inabidi utafute duka ambalo mwenye duka hakukunjii uso ukianza kufumua nyuzi, na hapo ndo huyu mzee anawashinda wenzake wote. Siku ya kwanza nimemwamkia nikamwambia nataka kaniki, akaniuliza "ya kuvaa, ya ngoma, au ya mganga?" maana kila moja ina uzito wake na bei yake. Nilipomwambia ni ya wanafunzi akacheka, akatoa kiroba cha vipande vilivyobaki akasema chagua mwalimu, hivyo sikuuzii. Maduka mengine ukigusa jora mara mbili unaulizwa unanunua au hununui.

Vile vipande nimevitumia sana aisee. Unachomoa uzi mmoja, unauweka chini ya lenzi, unaangalia umesokotwa kuelekea wapi, msokoto ukilala kama mstari wa kati wa Z ni jambo moja, ukilala kama wa S ni lingine. Inaonekana kitu kidogo ila kwenye bandari ya kale ya Berenike, Misri, Bahari ya Shamu, wataalamu wameitumia hiyohiyo kukisia pamba gani imetoka India, maana huko walisokota Z wakati Wamisri mazoea yao yalikuwa S. Wanafunzi wakishaliona kwa macho yao huna haja ya slaidi ishirini.

Kaniki yake inachuja, nisiwadanganye, vidole vinabaki bluu na yeye mwenyewe anakwambia loweka na chumvi kwanza. Nikamhadithia kwamba mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno mmoja, Duarte Barbosa, aliandika kuhusu watu wa Sofala, pwani ya Msumbiji ya sasa, kwamba walikuwa wanafuma sana pamba nyeupe ila rangi hawana, wakawa wanachukua nguo za bluu zinazotoka Cambay, bandari ya Gujarat, wanazifumua uzi kwa uzi, wanafuma upya na nyeupe yao. Mzee akafikiri kidogo akasema "bas hao walikuwa wanajua, bluu ya kununua ikishachuja unaijutia, bora uichanganye." Nimeshasoma maelezo marefu kuhusu hilo andiko na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Sa hiyo nyota moja niliyoitoa. Zile pamba za India anaziita za mhuri wa mkono na bei kaipandisha kabisa. Nikageuza upande wa nyuma, rangi haijapenya, na maua yanajirudia sawasawa bila hata moja kupishana, wakati mhuri wa mkono lazima mahali fulani upishane kidogo au wino uzidi. Hiyo ni ya mashine. Nilimwonyesha, hakubisha, akasema hata yeye kauziwa hivyo hivyo Kariakoo, lakini bei hakushusha! Ni pamba safi kweli, shona gauni utafurahi, ila usilipe hela ya mkono.

Kaniki na marekani bei ni za kawaida na hapunji urefu, anapima kwa futi ya mbao mbele yako. Mpesa anapokea. Ijumaa mchana anafunga kwenda msikitini na anachelewa kurudi, nenda asubuhi, na kile kiroba cha vipande uombe kwa adabu, usianze kuchambua kabla hujamsalimia.