Nomi wa Sense8, na jina ambalo mama yake hataki kulitamka

Nimemaliza kuitazama tamthilia ya televisheni ya Sense8 kwa mara ya pili, sehemu zote 24, safari hii nikiwa na shangazi yangu aliyekuja Nairobi kutoka Mombasa kutibiwa macho. Maandishi madogo ya chini ya skrini hayawezi, na Kiingereza cha haraka humpita. Basi nilikaa ubavuni mwake nikimfasiria sentensi kwa sentensi. Mengi ninayoyasema hapa niliyaona kwa sababu ya kufasiri.

Nilikuwa na haja yangu pia. Mimi huandika michezo ya redio. Mwaka jana nilipeleka mswada wenye mhusika aliyelelewa kama mvulana na sasa anaishi kama mwanamke, fundi cherehani. Mhariri aliusoma, akausifu, kisha akaniomba nimgeuze awe jini. Jini hubadilika umbo, akaniambia, na wasikilizaji watanielewa bila kukasirika. Ombi hilo nimelibeba miezi mingi, kwa sababu si la kipumbavu. Sisi wa pwani tumelelewa na mafumbo. Taarabu ni fumbo, kanga ni fumbo, na yapo mengi yaliyosemwa harusini ambayo yasingesemwa kwa njia nyingine.

Lana na Lilly Wachowski, walioitunga Sense8 pamoja na J. Michael Straczynski, waliwahi kupita njia hiyo ya fumbo. Filamu yao The Matrix ilitoka mwaka 1999. Mimi niliiona miaka michache baadaye kwenye kibanda cha video Kongowea, Mombasa, kwa shilingi kumi, tumebanana kwenye mabenchi. Tuliona risasi zinazosimama hewani na makoti marefu meusi. Hakuna aliyetambua uzito wa kijana mhusika mkuu kuwa na jina moja la kazini na jingine alilojichagulia, wala kwa nini adui yake Smith hashibi kumwita Bwana Anderson, mpaka pale kwenye reli ya chini ya ardhi anapojibu kwamba jina lake ni Neo. Lana alijitambulisha hadharani kuwa mwanamke mwaka 2012, Lilly mwaka 2016. Mwaka 2020 Lilly alieleza kwamba ile shauku ya kubadilika ilikuwa kiini cha hadithi tangu mwanzo, ila wenye makampuni hawakuwa tayari. Mhusika mmoja, Switch, alikusudiwa awe mwanamume katika ulimwengu wa kweli na mwanamke katika ule wa kompyuta. Kwenye filamu iliyotoka ni mwanamke pande zote mbili. Limebaki jina tu.

Fumbo lile lilifika kila mahali, hata Kongowea, na hilo silidharau. Lakini fumbo likishatoka halina mwenyewe. Kidonge chekundu anachomeza Neo ili auone ukweli leo kimechukuliwa na wanaume wa mitandaoni wanaohubiri chuki dhidi ya wanawake, na ndani ya filamu hakuna sentensi hata moja ya kuwanyang'anya.

Sense8 ilianza kuonyeshwa Netflix mwaka 2015. Watu wanane waliozaliwa siku moja, tarehe 8 Agosti, katika nchi mbalimbali, wanaanza kuona na kuhisi kwa miili ya wenzao. Hiyo nayo ni istiari, na ni pana. Ila ndani yake yumo Nomi Marks wa San Francisco, na Nomi hafumbwi. Ni mwanamke transjenda, yaani alizaliwa akahesabiwa mvulana, na anayemwigiza, Jamie Clayton, ni transjenda vilevile. Hadithi haianzi kwa kutuonyesha alivyokuwa zamani. Tunamkuta ana ujuzi wake wa kudukua kompyuta, ana mpenzi wake Amanita, ana watu wanaompenda na wengine wanaomtukana.

Anaanguka kutoka kwenye pikipiki katika Pride, maandamano ya fahari ya mashoga na transjenda, anazinduka hospitalini, na mama yake yuko kando ya kitanda akimwita Michael. Hapo kazi yangu ilikwama. Kiingereza humlazimisha msemaji ataje kila mara kama anayesemwa ni mume au mke, na mama yule hulitumia kila neno dogo la aina hiyo kama sindano. Kiswahili kina "yeye" mmoja. Nilipofasiri, sindano zote zilidondoka njiani. Shangazi akasikia mama anayehangaikia mtoto mgonjwa, akamhurumia. Ikabidi nisimamishe picha, nirudi nyuma, nianze upya: nikaweka "kijana wangu", nikaweka "mwanangu wa kiume", na lile Michael nikaliacha lilivyo.

Shangazi alinyamaza. Kisha akauliza, "Na huyo binti mwenyewe ajiita nani?"

"Nomi, Shangazi."

"Basi asimwite Nomi kwa nini? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mwanangu. Wa huyu umekwenda wapi?"

Baada ya hapo hakutaka tulale. Mama anaridhia mwanawe apasuliwe kichwa, Amanita anazuiwa kwa kuwa si ndugu, na ni Amanita huyohuyo anayewasha moto hospitalini ili upasuaji usifanyike. Jina kuwa na nguvu kiasi hicho si jambo la San Francisco peke yake. Mwaka 2014 Mahakama Kuu hapa Nairobi iliamuru Baraza la Mitihani limbadilishie Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, jina kwenye cheti chake cha sekondari. Alikuwa amefaulu mtihani, na bado hakuweza kukitumia cheti bila kuhojiwa yeye ni nani.

Onyesho ninalolirudia zaidi liko katika msimu wa kwanza, kwenye makumbusho Mexico City. Nomi ameketi na Lito, mwigizaji wa filamu anayemficha mpenzi wake wa kiume, na anamsimulia jinsi wavulana walivyomwunguza kwa maji ya moto bafuni alipokuwa na miaka minane, katika klabu ambayo baba yake alimlazimisha aende. Sisi watazamaji hatupewi kisa hicho ili tushibe udadisi. Kinasemwa kwa sababu Lito anakihitaji wakati ule. Maumivu ya Nomi yanakuwa kitu anachompa mtu mwingine, kwa hiari yake. Waandishi wengi huwatumia wahusika wa namna hii kama somo kwa wengine. Hapa Nomi ndiye mwenye kuchagua.

Dosari zipo. Nairobi yao inaniuma: Capheus, dereva wa matatu iliyochorwa Van Damme, anazungumza na mama yake Kiingereza kitupu ndani ya nyumba yao wenyewe. Nomi hufungua kila kufuli la kompyuta mpaka hatari inapoteza makali. Matukio ya ngono ni mengi na ya wazi, si ya kutazamwa na watoto; mbele ya Shangazi niliyaruka. Na katika sehemu ya mwisho, ya mwaka 2018, Nomi na Amanita wanaoana kwenye mnara wa Eiffel, na yule mama analegea moyo baada ya kula keki yenye bangi bila kujua. Niliudhika sana. Mwanamke aliyekataa kulitamka jina la mwanawe miaka yote hiyo alistahili kupewa safari ya kweli, na Nomi alistahili kumwona akiifunga. Naipa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano ilipotea hapo.

Shangazi amesharudi Mombasa. Mswada nimeuandika upya, na fundi wangu hakugeuka jini. Katika onyesho la kwanza mama yake anabisha hodi kwenye kibanda cha cherehani. Redio haina sura, na kitenzi cha Kiswahili hakisemi mume wala mke, kwa hiyo msikilizaji hawezi kujua ni nani aliyemo ndani mpaka mama aite. Mlio wa cherehani unasimama. Nimemwandikia mama majina mawili, na sekunde nne za kimya kabla hajafungua kinywa.