Koki ya gurudumu kwenye deli langu la kimea

Nina miezi minane na koki hii, na nimepika nayo bia ya nyumbani mara 14, kwa hiyo naona sasa ninaweza kuisemea. Ni ya chuma cha pua, nusu inchi, ile inayofunguka kwa kuzungusha kigurudumu mara kadhaa, siyo ile ya mpini unaougeuza mara moja ikawa wazi. Niliiagiza Kariakoo ikapakiwa kwenye basi la Tabora, na mpaka inafika kwangu Ipuli, hapa Tabora, ilikuwa imenigharimu Sh 42,000. Kwa koki peke yake hiyo ni hela nyingi. Fundi bomba aliyenitobolea deli, chombo ninacholowekea kimea, aliigeuzageuza mkononi akasema, "Kaka, kwa hela hii ningekufungia koki tano za shaba." Nilimwambia nazijua hizo, lakini shaba nyingi huwa na risasi kidogo ndani yake, na mimi napitishia kitu cha kunywa, tena cha moto.

Kabla yake nilikuwa na koki ya plastiki, ile ya ndoo za maji ya kunywa. Ile ina hali mbili: imefungwa au inamwaga. Na kumwaga ndiko kunakoharibu kazi. Kimea kikishalowa ndani ya deli kinajipanga chenyewe kikawa chujio. Maganda ya shayiri yanalaliana, yanaacha vinjia vyembamba, maji matamu yanashuka humo na unga unabaki juu. Ukifungua kwa nguvu, kimea chote kinavutwa chini, maganda yanabanana na vinjia vinaziba. Pishi langu la tatu lilikwama hivyo: koki wazi kabisa, wala tone halitoki. Nilikesha nikichota kwa kikombe na kukamua kwa kitambaa, na bia ile ilikuwa na ukakasi mpaka chupa ya mwisho. Iliniuma, kwa sababu kimea chake kilikuwa kizuri na nilikisubiri wiki mbili.

Sasa nafanya hivi. Kwa kilo 5 za kimea cha shayiri naweka lita 15 za maji ya nyuzi 73 hivi, yakichanganyika na kimea yanatulia kwenye 66 au 67. Hapo wanga unageuka sukari. Nafunika deli na blanketi saa nzima, simfungulii mtu. Kisha nafungua kigurudumu kidogo sana, chini ya nusu mzunguko, na lita mbili tatu za kwanza, ambazo huwa na ukungu na chembe, nazirudisha juu taratibu kwa upawa. Nazungusha hivyo mpaka yanayotoka yang'ae. Ni hapa nilipoipenda koki hii. Ile ya plastiki, kila nikiifungua ilikuwa inatibua upya nilichokwisha kukitengeneza. Hii inaniachia uzi mwembamba wa maji, nami naweza kuuongeza kidogo kidogo bila kitu kushtuka.

Maji ya kusuuzia, yaani ya kuosha sukari iliyobaki kwenye kimea, yanatoka kwenye ndoo iliyo juu ya kabati, yanaingia kwenye deli lililo mezani, na kutoka hapo yanashuka kwenye sufuria iliyo sakafuni. Sina pampu, na kwa umeme wetu unavyokatika sioni sababu ya kuitafuta. Yanayoingia nayalinganisha na yanayotoka, ili juu ya kimea kibaki kina cha vidole viwili vya maji. Kimea kikikauka juu kinapasuka, na maji yakishapata ufa hupita hapo hapo na kuiacha sukari pembeni. Napima kwa jagi la lita moja na saa ya simu: jagi lijae kwa dakika moja au zaidi kidogo. Lita 15 za kusuuzia zinanichukua karibu dakika 20, na nikiwa na nafasi naziburuta hadi 40, ndipo napata sukari zaidi kwa kimea kile kile.

Maji hayo nayaweka nyuzi 75 au 76. Yakizidi 78 yanaanza kuvuta ukakasi wa maganda, hasa mwishoni sukari inapokuwa imebaki kidogo. (Ukiwa Tabora usikitupe kipimajoto chako kikikuambia maji yanachemka kwa nyuzi 96. Tuko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, kwa hiyo kinasema kweli.)

Kuna kitu ambacho koki haiwezi kukitibu. Nilipoanza kuchanganya mtama, kilo moja kwa nne za shayiri, deli lilianza kukwama tena, koki mpya ikiwepo. Mtama hauna ganda la kuchujia kama shayiri, tena wanga wake unahitaji joto zaidi ili ulainike, ndiyo maana naupika uji kwanza, na uji unanata. Mama jirani yangu, anayetengeneza togwa ya ulezi tangu mimi sijahamia hapa, ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, kinachonata kitilie kitu kisichonata." Nikaenda kwenye mashine ya kukoboa mpunga, nikachukua maganda, nikayaosha mara tatu. Robo kilo ndani ya kilo 5, na tangu siku hiyo halijakwama. Usagaji nao uangalie: mashine ya unga wa sembe ikibana sana utarudishiwa unga mtupu. Kimea kivunjwe vipande vitatu vinne, ganda libaki zima.

Kasoro za koki yenyewe zipo. Kubwa ni usafi. Kile kisahani kinachopanda na kushuka kina mfuko juu yake, na chembe za kimea huingia humo. Mara ya pili nilisuuza kwa maji tu, na nilipoifungua wiki iliyofuata harufu ilinirudisha nyuma. Sasa naifungua yote kila baada ya pishi kwa spana mbili, dakika kumi. Kigurudumu nacho kinashika joto, kwa hiyo nashika na kitambaa. Na haifungi haraka: sufuria ikikaribia kufurika unahitaji kuanza kuzungusha mapema. Mpira wa kushushia ununue wa silikoni, maana ule wa bustani unalegea kwa maji ya moto na kuacha ladha.

Anayeloweka kimea chote ndani ya mfuko wa kitambaa na kuunyanyua haihitaji, abaki na koki yake ya kawaida. Anayesuuza kimea kwenye deli kama mimi, ningemwambia ainunue, na siku hiyo hiyo aagize mipira miwili ya akiba ya kuzuia kuvuja, kwa sababu wangu ulichanika kwenye pishi la tisa na hapa mjini sikupata wa ukubwa huo.