Mafunzo ya wiki 6 ya mbwa: kumbe sauti yangu ndiyo iliyokuwa na kasoro

Nilijiandikisha kwa sababu Doa, jike langu la miezi 9, alikuwa haji nikimwita. Nikisema "njoo" anasimama kulekule, anageuza uso pembeni, anapiga mwayo, kisha anainamisha pua kwenye nyasi. Niliamini kabisa kwamba ni mkaidi.

Siku ya kwanza mwalimu hakugusa mbwa hata mmoja. Alitutaka tuite mbwa wetu kwa zamu, akaturekodi kwa simu, halafu akatusikilizisha. "Njoo" yangu ya kwanza ilikuwa ya kawaida. Ya pili nzito. Ya tatu karipio tupu. Akaniambia sasa niseme "acha". Ikatoka sauti ileile. Akaniuliza kwa upole, "Mama, wewe ungekuja ukiitwa hivyo?" Akanieleza kwamba mbwa anayepiga mwayo na kukwepa macho namna ile mara nyingi ana wasiwasi. Iliniuma sana. Miezi mitatu nilimwita mkaidi mnyama aliyekuwa ananiogopa.

Kwa zoezi hilo peke yake, ada yangu ilirudi.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa za kiimbo, na hapa mwalimu anajua kazi yake. Watafiti waliosikiliza wafunzaji wa wanyama wa lugha mbalimbali walikuta kwamba, mnyama akitakiwa aharakishe, wengi hutoa sauti fupifupi za kurudiarudia. Akitakiwa apunguze mwendo, hutoa sauti moja ndefu. Sasa tazama neno letu "njoo". Irabu yake inavutika, na mimi nilikuwa naivuta hasa, "njoooo", huku sauti ikishuka. Kwa maneno namwita, kwa sauti namwambia atulie. Nikabadili: "njo-njo-njo!", nyembamba, ya kupanda, nikirudi nyuma hatua mbili tatu. Jaribio la nne Doa alikuja mbio, masikio yamelala nyuma, mkia unazunguka. Ule mvuto nimeuhamishia kwenye "tuuulia", na huko unafaa.

Somo la kusifu nalo lilikuwa zuri. Tulisimuliwa utafiti wa mwaka 2016 kutoka Hungaria, ambako mbwa walizoezwa kulala kimya ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo wakisikiliza sauti ya mtu. Sehemu ya ubongo inayohusika na raha iliamka zaidi pale neno la sifa lilipokwenda pamoja na sauti ya sifa. Neno zuri kwa sauti bapa halikutosha, wala sauti tamu yenye neno lisilo na maana. Tangu hapo sisemi "vizuri" huku macho yako kwenye simu.

Filimbi ilipewa kipindi kimoja. Ni sawa, haibebi hasira ya mtu, lakini mimi nataka Doa ajue sauti yangu.

Lawama ninazo mbili. Ukumbi una mbwa 12 kwa wakati mmoja. Wakianza kubweka kila mtu anapaza sauti, mwalimu akiwemo, na lile somo la kusema kwa utulivu linapotea palepale. Kundi la watu sita lingetosha.

Ya pili ni kubwa zaidi: kila mbwa anaruhusiwa mtu mmoja tu. Doa anaishi na watu wanne. Mume wangu ana sauti nene, na binti yetu akifurahi hupiga kelele nyembamba zinazompandisha mbwa mzuka hata anapoambiwa akae. Wiki nzima ya tano Doa alinitii mimi, wao akawashangaa tu. Ikabidi niwarekodi nyumbani nilivyorekodiwa mimi, jambo ambalo lingefanywa vizuri zaidi na mwalimu.

Nawapa nyota 4 kati ya 5. Ukijiandikisha, omba tangu siku ya kwanza uje na mtu wa pili wa nyumbani. Mimi niliuliza wiki ya mwisho, wakakubali bila shida.