Mvinyo wa kununua Mtwara: upi uanze nao, upi usubiri

Wengi wetu tukifika duka la vinywaji huuliza bei kwanza, kisha kama mvinyo ni mtamu au mkavu, yaani usio na utamu. Naomba swali la kwanza liwe jingine: chupa hii imekaa wapi? Mvinyo hutunzika vizuri kwenye nyuzi 12 hadi 15 hivi, na Mtwara ya Novemba huvuka 30 mchana. Chupa imetoka Dodoma, imepita Dar es Salaam, imeshuka na lori hadi huku, halafu inapangwa kwenye rafu inayopigwa na jua la alasiri. Hapo hata mvinyo mzuri hufa.

Kwa hiyo ikague kabla ya kulipa. Pitisha kidole shingoni. Kizibo kikiwa kimeinuka, au pakiwa na mchirizi unaonata chini yake, chupa imechemka na kuvuja, irudishe. Mvinyo mweupe uliogeuka rangi ya chai nao uuache. Angalia stempu ya kodi, kisha omba chupa iliyo nyuma, penye kivuli. Duka linalouza haraka ni bora kuliko duka zuri ambalo chupa zake zina vumbi.

Namba moja kwangu ni mweupe mkavu wa Dodoma, na sioni mshindani. Huku tunakula samaki. Changu wa kuchoma aliyekamuliwa ndimu, au pweza wa nazi, anataka kinywaji chenye uchachu wa kumsindikiza, na zabibu za Chenin Blanc zinazolimwa Dodoma zina uchachu huo. Ubaridi wa friji unaufaa, nao ndio tulio nao. Halafu kuna bei: mvinyo uliotengenezwa kwa zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini hutozwa ushuru mdogo kuliko ule wa nje, kwa hiyo sehemu kubwa ya pesa yako inalipia kilichomo ndani ya chupa.

Kilimo hicho kilianza na divai ya altare. Wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu Bihawana, nje kidogo ya mji wa Dodoma, katikati ya karne iliyopita, na wakulima wa Kigogo wakaendeleza. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma haulali, mkulima hupogoa mara mbili na kuvuna mara mbili, karibu na Machi na tena Agosti hadi Septemba. Ardhi kame iliyoonekana haifai kitu ndiyo inayokoza sukari kwenye zabibu. Kila ninapouona mvinyo huo umewekwa pembeni kuupisha wa nje, huwa naumia.

Namba mbili ni mwekundu mkavu wa huko huko, hasa wa zabibu ya Makutupora. Wekundu wake unatoka kwenye maganda, yanayoachwa yachachuke pamoja na juisi. Ukakasi nao hutoka humo, ndiyo maana unakaa vizuri na mbuzi wa kuchoma. Ule ushauri wa kuunywa kwenye joto la chumba uliandikwa kwa ajili ya vyumba vya Ulaya. Huku uweke kwenye friji nusu saa kwanza, utaona tofauti.

Namba tatu, mtamu wa Dodoma, jamii ya Dompo. Wanaoanza huupenda, unakwenda vizuri na korosho za kukaanga, na ukishafunguliwa unavumilia siku nyingi kuliko mkavu. Soma kiwango cha kilevi kwenye lebo, kwa sababu utamu huficha ukali.

Namba nne ni maboksi ya Afrika Kusini kama Overmeer. Wenzetu wale walikamua mvinyo wao wa kwanza mwaka 1659, ujuzi wanao. Msimu wa korosho ukilipa na sherehe zikaanza kufuatana, boksi la lita 5 ni sawa na chupa sita na theluthi mbili za mililita 750. Gawanya bei kabla ya kuamua. Mfuko wa ndani hunywea kadiri unavyomimina, hewa haiingii, kwa hiyo boksi lililofunguliwa hukaa wiki kadhaa kwenye friji. Lisilofunguliwa nalo halikai kama chupa, basi tafuta tarehe.

Namba tano ni mvinyo wa mabibo, yale matunda yanayobeba korosho, na umeshuka hapa kwa sababu moja tu: haupatikani mwaka mzima. Bibo huoza ndani ya siku moja au mbili, na tani kwa tani huachwa chini ya mikorosho baada ya korosho kunyofolewa. Kituo cha utafiti cha Naliendele kimekuwa kikifundisha namna ya kuyasindika. Ukipata chupa ya kikundi chenye usafi na nembo ya TBS, nunua mbili: moja yako, moja ya kumpelekea mgeni. Harufu ya bibo humo haijifichi, na ukakasi wake unakata mafuta ya samaki wa kukaanga vizuri sana.

Chupa za bei kubwa kutoka Ufaransa au Italia zisubiri mpaka uwe na uhakika duka linazihifadhi kwenye ubaridi.

Anayetaka kuyaona mashamba yenyewe apande basi hadi Dar es Salaam, kisha treni ya SGR hadi Dodoma. Mizabibu iko Hombolo, Mpunguzi na Makutupora, penye kituo cha utafiti wa zabibu. Piga simu kiwandani kabla ya kwenda, na nenda wakati wa mavuno uone zabibu zikikamuliwa. Onja mkavu kabla ya mtamu, vinginevyo mkavu utauonea. Utakazonunua zifunge kwenye nguo ndani ya begi unalokaa nalo. Buti la basi la kusini lina joto la kuharibu kazi yote hiyo.