Tairi za tela la kambi: uzoefu wangu na 185R14C

Nianze na jibu: kama tela lako ni la ekseli moja na linabeba mzigo wa maana, funga tairi zenye herufi C mwishoni mwa saizi (yaani za magari ya mizigo), plai 8, ambacho ni kiwango cha uimara wa tairi. Mimi nitazinunua tena, ingawa zina kero moja.

Tela langu limetoka Afrika Kusini, ringi inchi 14. Kibao cha bati karibu na mkono wa kuvutia kinasema uzito wa juu ni kilo 1,200. Lilikuja na 185/70R14, tairi za gari ndogo za kutembelea. Kwa macho hazikuwa na shida, meno yapo. Lakini ubavuni zimeandikwa 88, na namba hiyo ni alama ya uwezo wa kubeba: 88 maana yake kilo 560 kwa tairi moja. Mbili ni 1,120. Ukijaza maji, hema na mtungi wa gesi, umeshazidisha hata kabla ya kufika kwenye shimo la kwanza. 185R14C imeandikwa 102/100. Hiyo ya pili ni ya tairi zilizofungwa pacha, mbili mbili kila upande, achana nayo. 102 ni kilo 850, kwa hiyo mbili zinabeba 1,700.

Wamarekani wana tairi zao za tela, zinaanza na ST. Sikuhangaika nazo. Ukipasukiwa Kondoa utaipata wapi ya kubadilisha? Hizi za C zimezoeleka kwenye vipanya vya zamani na pikapu ndogo, na mafundi wanazijua.

Kazi ilikuwa kwenye tarehe. Duka moja Majengo, hapa Dodoma, kijana alinitolea tairi inayong'aa kwa dawa. "Bosi, mpya kabisa hii, haijagusa lami." Nikaomba kitambaa na maji kidogo, nikasugua ubavu mpaka zikatokea tarakimu nne: 2317. Wiki ya 23, mwaka 2017. Kweli haikugusa lami, ila ukiinamisha kichwa ulikuwa unaona nyufa nyembamba pale ubavu unapokutana na ringi. Akaniambia kila mtu ananunua hizo hizo. Sawa, lakini gari linatembea kila siku, tairi zinaisha meno kabla hazijazeeka. Tela linakaa uani miezi, jua la Dodoma linalikausha, na tairi inakuja kupasuka ikiwa na meno yote. Nilizunguka hadi nikapata za mwaka uliotangulia, laki mbili kasoro kila moja, nikachukua tatu pamoja na spea.

Njia ya Mtera kwenda Iringa, tela likiwa limejaa, limetulia kabisa. Zamani lilikuwa linachezesha mkia nikipishana na basi. Nikisimama naweka kiganja kwenye tairi, na joto lake halizidi la tairi za gari. Kule Kolo, njia ya kupanda kwenye michoro ya miambani, mawe hayakuzifanya kitu. Mwiba wa mgunga ulinipa pancha, ikazibwa bila kutoa tairi kwenye ringi, safari ikaendelea.

Kero yenyewe: tela likiwa tupu, zinadunda. Vyombo vya jikoni vinahama kabati. Ni ngumu kwa sababu zimetengenezwa kubeba, na suluhisho liko kwenye upepo. Mafundi wengi wanajaza kwa mazoea, PSI (kipimo cha upepo) 30 na kitu kama gari dogo, na hiyo kwa tela lililojaa ni hatari: upepo ukipungua, uwezo wa kubeba unashuka na tairi inachemka. Zangu zimeandikwa mwisho PSI 65. Likijaa naweka 50, likiwa tupu nashusha hadi 35. Nunua geji yako, za vijiweni nyingine zinadanganya. Na mwambie fundi aweke vali mpya, asirudishe ile ya zamani iliyokauka.

Kama tela lako ni la kubeba mahema mawili na jiko tu, hizi ni kubwa mno, utateseka na mdundo bure. Angalia za kirikuu, inchi 12, nazo zina C. Soma namba ya uzito, zidisha kwa tairi mbili, halafu sugua ubavu uone mwaka.